Aliyeandika Karatasi ya Mashini

— Régina, leo Bwana Direkta amesoma ile karatasi yako mbele ya wafanyakazi wote. Anasema iko kazi yangu.

Régina aliinua macho. Alikuwa mwalimu wa shule ya wasichana hapa Kasongo, na Emile, fundi wa kiwanda cha pamba aliyesimama mlangoni, alikuwa mchumba wake.

— Na weye ukasema nini?

— Nilinyamaza. Wamenifanya kapita, msimamizi wa mashini.

— Basi rudi kwa ukapita wako.

Régina akafunga mlango.

Kitabu cha mashini kilikuwa kimekuja kwa Kifaransa, wafanyakazi hawakukielewa, na mtu mmoja alishapoteza vidole viwili. Kwa majuma matatu, kila akitoka shuleni, Régina alikuwa akienda kiwandani. Hakutafsiri tu. Alimwomba Emile aiwashe mashini, aizime, aiwashe tena. Aliwasomea wafanyakazi kila sentensi; ile wasiyoielewa, aliifuta. Ikabaki karatasi moja ya mistari kumi na miwili: "Zima kwanza. Ngoja gurudumu lisimame. Ndipo utie mukono." Tangu ibandikwe ukutani, hakuna aliyeumia.

Kesho yake asubuhi, wafanyakazi wakiwa wamepanga mstari, Emile alisogea mbele.

— Bwana Direkta, ile karatasi sikuandika miye. Aliandika Régina, mwalimu.

— Mwanamke?

— Ndiyo, Bwana. Miye nilishika mashini tu. Yeye ndiye alijua namna ya kusema na mutu akasikia. Nilikosea kunyamaza jana.

Ukapita alinyang'anywa palepale. Lakini juma halijaisha, barua ya kiwanda ikamfikia Régina: "Tunakuomba uandike karatasi ya dawa ya wadudu wa pamba kwa walimaji wa Kabambare. Jina lako litatiwa chini."

Emile alimkuta akifunga mzigo wa safari.

— Utanisamehe?

— Ningali na hasira. Lakini nimesikia ulivyosema mbele ya watu wote. Haikuwa rahisi.

Alikaza kamba ya mzigo, kisha akasema:

— Ninakwenda Wamaza, kule Kabambare. Kibangubangu sikijui sawasawa, na weye iko lugha ya mama yako. Nani atawauliza wale wamama wanaolima pamba kama wameelewa?

— Miye.

— Basi beba mzigo.

Walifunga ndoa baada ya mavuno. Kufikia hapo, kila karatasi mpya ilipofika Kabambare, walimaji waliuliza kwanza:

— Hii iko ya Madamu Régina? Kama haiko yake, tungoje aje atueleze.