Kinyaa cha Bi Usafi

Vitufe vya kibodi vilikuwa vimeganda uchafu wa vidole vya watu wasiohesabika, na mtengeneza sabuni hakuthubutu kuvigusa. Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta namba saba, katika duka la mtandao lililofurika watu mchana ule, akiitazama ile kibodi kama aliyekuta unywele kwenye supu. Nyuma yake mtu alitafuna kitu mdomo wazi. Akafungua pochi, akatoa pamba na kichupa cha spiriti, akaanza kusafisha kitufe kimoja baada ya kingine. Pamba ya kwanza ilitoka nyeusi. Ya pili ilitoka na kipande cha ukucha wa mtu.

Akaitupa chini ya meza, akachomoa ya tatu.

"Ukimaliza hiyo, dada, na hii yangu inakusubiri," sauti ikasema kutoka namba nane.

Aligeuka akiwa na jibu kali mdomoni, kisha akalimeza. Kijana alikuwa amevaa shati la samawati lililopigwa pasi likanyooka. Kitu cha kwanza mwanamke alichokitazama ni kucha za kijana: zilikuwa fupi na safi.

"Wewe yako umeisafisha?"

"Nimeifuta kwa fulana."

"Fulana ipi?"

"Hii niliyovaa ndani."

Alitaka kuona kinyaa, akajikuta anacheka. Kijana akachungulia kioo cha kompyuta yake. "Unatafuta pa kuweka tovuti?"

"Natengeneza sabuni za kuogea. Kila mteja ananiuliza tovuti yangu iko wapi. Nimekuja kutafuta, nakuta kampuni ishirini, na kila moja inajisifu kwa bei poa. Hata sijui nashika ipi."

"Umebahatika. Mimi ni fundi wa tovuti." Akasogeza kiti. "Tovuti ni kama mpangaji. Inataka chumba kwenye kompyuta ya mtu isiyozimwa. Kuna chumba cha bure, lakini mwenye nyumba anabandika matangazo yake ukutani kwako. Kuna cha bei ndogo, mnabanana wapangaji mia na choo kimoja."

"Habari za choo niondolee."

"Basi kuna hiki. Bei ya kati, unalipia mwaka mzima, na ukikwama unapiga simu mtu anapokea. Kwa duka dogo kama lako kinatosha kabisa."

Mtengeneza sabuni alikuwa ameshaona kingine, bei yake imeandikwa kwa rangi nyekundu. "Na hiki? Mbona ni rahisi kuliko vyote?"

"Hiyo bei ni ya miezi mitatu tu, ya kuvutia watu. Baada ya hapo inapanda zaidi ya mara tatu, na usipolipa wanafunga. Soma maandishi madogo hapo chini."

"Nachukua hiki. Miezi mitatu ikiisha nitakuwa nimeshauza."

"Sawa, bosi. Watakukumbusha kwa barua pepe. Usizipuuze."

Alimpa fundi pesa mkononi, naye fundi akalipa kwa kadi yake mwenyewe. Akamjengea tovuti nyeupe, nadhifu, sabuni za asali na za shayiri zimepangwa kama vito. Kufikia siku walipoifungua, simu zao za jioni zilikuwa zimeshageuka kuwa za mambo mengine.

"Bi Usafi, umekula?"

"Nimekula. Nilifuta kijiko mara tatu."

"Na mimi ukinibusu utanifuta mara ngapi?"

"Wewe nitakuchemsha kwanza."

Mapenzi yakakolea. Kasoro ilikuwa moja: fundi hakuwahi kumkaribisha kwake. Kila alipoulizwa, alisema, "Kwangu pamekaa vibaya kidogo, mpenzi. Tupe muda." Mtengeneza sabuni akajisemea kwamba huenda ni vyombo visivyooshwa, akajikaza asivifikirie.

Sanduku lake la barua pepe lilikuwa jalala. Lilijaa dawa za nguvu za kiume, bahati nasibu na wanawake wasiojulikana waliotaka kumfahamu. Kila Jumatatu alizichagua barua zote na kuzifuta bila kusoma hata moja, akajiona kama mtu aliyefagia uwanja.

Mwezi wa nne, asubuhi ya Alhamisi, simu ikaita. Alikuwa mama mnunuzi wa hoteli, ambaye wiki hiyo alitarajiwa kuagiza sabuni za vyumba vyote.

"Dada, nimefungua tovuti yako nikiwa nakula," mama yule alisema polepole. "Nimekuta ukucha wa mguu. Umeoza, wa kijani, mtu anaukwangua. Chini yake kuna minyoo kwenye chupa."

"Minyoo?"

"Iliyotoka kwa mtu. Meneja wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Samahani sana, lakini hatutaendelea."

Mtengeneza sabuni alifungua tovuti kwenye simu. Juu kabisa palikuwa na jina la duka lake. Chini yake ukucha, kisha minyoo, kisha mwanamke aliyevaa uzi tu, akiahidi kwamba yuko karibu na anakusubiri. Mate machungu yalimjaa kinywani. Aliosha mikono mara mbili, ingawa alikuwa amegusa kioo cha simu tu.

Ndipo akakumbuka chumba cha bure, na mwenye nyumba anayebandika matangazo. Pesa alitoa. Chumba alichagua. Basi nani alimhamisha? Kichwani mwake mtu alikuwa mmoja tu.

Simu iliita muda mrefu kabla ya kupokelewa.

"Mpenzi, nikupigie baadaye kidogo. Mikono yangu michafu."

"Najua ni michafu. Pesa yangu umekula, ukaniweka kwenye chumba cha bure."

Nyuma ya fundi kulisikika maji, na mtu akiguna. "Tovuti imefanya nini?"

"Kuna minyoo mahali pa sabuni zangu. Hoteli wamekataa."

Fundi alimwambia aliyekuwa naye asubiri. Kisha akauliza, "Barua zao ulizisoma?"

"Barua gani? Usinizungushe."

"Nipe siku mbili. Nitairudisha."

"Hata kukataa hukatai."

"Nipe siku mbili tu."

"Unanitia kinyaa," akasema, na alipoanza hakuweza kujizuia. "Wewe na kucha zako ulizozikata, na hayo mashati yako ya pasi. Kila nikikukumbuka nataka kuoga."

"Nimekusikia," fundi alisema, na simu ikakatika.

Jumamosi tovuti ilirudi, nyeupe kama zamani. Fundi hakupiga. Mtengeneza sabuni aliiokota leso ambayo fundi aliwahi kumwachia, akaishika kwa ncha za vidole viwili, akaitupa. Kisha akafungua barua pepe amwandikie mama wa hoteli kumwomba radhi. Barua yenye anwani yake alikuwa ameifuta pamoja na takataka, hivyo akaingia kuitafuta kwenye barua zilizofutwa.

Huko akazikuta nne kutoka kampuni ileile ya bei nyekundu. Muda wa tovuti yako utaisha baada ya siku thelathini. Siku kumi na nne. Siku tatu. Ya nne ilisema muda umekwisha, tovuti imefungwa, na mahali pake patawekwa matangazo hadi atakapolipa. Na kwenye sanduku lenyewe kulikuwa na ya tano, ya jana, ambayo hakuwa ameifuta bado: asante, umelipiwa mwaka mzima. Kadi iliyolipa ilikuwa ya fundi, na safari hii hakuwa amempa hata senti.

Kinyaa kilichomshika safari hii hakikuwa na pamba ya kukifuta. Alijiona vile alivyomwona fundi, na hakupenda kujitazama.

Alipiga simu mara sita bila kupokelewa. Jumapili mchana alivaa gauni lake jeupe la vifungo, akaenda duka la mtandao, mhudumu akamwelekeza nyumbani kwa fundi.

Harufu ilimpokea kabla ya mlango. Ilikuwa ya mkojo uliolala, dawa, na kinyesi kibichi juu ya vyote. Mlango ulikuwa wazi nusu. Ndani, fundi alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, suruali imekunjwa, beseni mbele yake. Kitandani alilala mzee mkubwa, upande mmoja wa uso umeteremka, shuka zikiwa katika hali ambayo macho ya mtengeneza sabuni yaliikimbia.

Fundi alimwona, uso ukamshuka. "Usiingie. Natoka."

"Ni nani?"

"Baba yangu. Kiharusi. Mwaka wa pili sasa."

"Hukuniambia."

"Mtu anayefuta kijiko mara tatu ningemwambia nini?"

Alisimama kizingitini, akivuta pumzi kwa mdomo. "Nimezisoma zile barua. Ulijua ni mimi niliyezifuta."

"Nilijua ulipotaja minyoo."

"Mbona hukusema?"

"Hukuwa unauliza. Ulikuwa umeshahukumu. Na mkono mmoja nilikuwa nimemshika mzee asianguke."

"Nisamehe. Lile neno nililokuambia…"

"Liliniuma," fundi alisema. "Sitakudanganya. Nimelala nalo siku tatu."

Mtengeneza sabuni alipiga hatua moja ndani. Ya pili ikamshinda. Alitoka mbio hadi kwenye mfereji, akatapika mpaka machozi yakamtoka, matone yakaruka hadi kwenye pindo la gauni. Ndani, fundi alisikia, akarudi kuchovya kitambaa kwenye beseni, akiamini kwamba hadithi yao imeishia hapo.

Bomba la nje likafunguliwa, likafungwa. Mtengeneza sabuni akaingia, uso umelowa, mikono ya gauni ameikunja hadi viwikoni.

"Bado naona kinyaa," akasema. "Usinifanye mtu mwema."

"Sijakufanya."

"Nishike wapi?"

Fundi akamsogezea nafasi. "Mabega. Mzee, tunakugeuza."

Wakamgeuza. Alikuwa mzito, na ngozi yake ilikuwa na joto na unyevu. Mtengeneza sabuni alimshika hivyo hivyo bila kumwachia. Mzee akafumbua jicho lake zima, akasema kwa ulimi wa kuburuza, "Huyu ndiye wa sabuni?"

"Ndiye, baba."

"Amekuja kuuza?"

"Nimekuja kuomba radhi, mzee."

"Ataomba akimaliza shuka."

Fundi akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Wakavua shuka chafu, wakatandika safi, mtengeneza sabuni akimeza mate kila dakika na kugeuzia uso dirishani pale ilipombidi.

"Kuna jambo nataka kukuuliza tangu mwezi uliopita," fundi alisema, akikunja pembe ya shuka. "Lakini si hapa, panavyonuka hivi."

"Uliza hapa hapa. Nikikubali panavyonuka hivi, utajua nimekubali."

Akamuuliza, naye akamjibu. Mzee akalalamika kwamba wananong'ona, na sikio lake zima liko upande wa ukutani. Ikabidi mtengeneza sabuni ajibu tena, kwa sauti, kwamba amekubali kuolewa.