Sukari ya Mzee Kizito

Alfajiri, kabla ya kwenda shule, Dafroza alipitia duka la ushirika pale Makoko kupanga jiwe lake kwenye foleni. Mwaka ule wa 1983 vitu vilikuwa adimu mno. Mtu aliyetaka sukari aliacha jiwe limshikie nafasi, akaenda zake kwenye shughuli. Mchana alirudi kusimama penye jiwe lake, na mara nyingi aliambulia patupu.

Siku hiyo nayo sukari iliisha kabla Dafroza hajafikiwa. Watu wakaanza kunung'unika kwamba walanguzi ndio wanaoficha vitu. Bahati mbaya, Dafroza alikuwa na lake moyoni. Jana yake alimpelekea mama yake chakula kazini kwa Mzee Kizito, Mganda aliyehamia Makoko akaanzisha kazi ya kupika sabuni. Uani aliona mapipa mapya yaliyofunikwa turubai, akanyoosha mkono afunue. Mzee Kizito akamkemea mbele ya wenzake aliofuatana nao, "We mtoto, toka hapo!" Wenzake wakamcheka njia nzima. Dafroza aliona kuaibishwa na mtu wa kuja ni jambo lisilovumilika.

"Yule Mganda ana sukari," akasema kwa sauti. "Kaificha kwenye mapipa. Nimeiona kwa macho yangu."

Uongo mtupu! Hakuwa ameona hata punje. Lakini watu wazima walikuwa wamegeuka kumsikiliza, na hilo likampa kichwa.

"Una hakika?" akauliza Mzee Machage, mjumbe wa nyumba kumi.

"Nina hakika, mzee."

Basi, hakuna aliyeuliza zaidi. Foleni yote ikahamia kwa Mganda, mgambo wakitangulia.

Mama yake Dafroza, Jeska, alikuwa anakoroga sabuni jikoni pamoja na wanawake wengine. "Ndugu zangu, msiguse hayo mapipa, yanaunguza," Mzee Kizito akawasihi. Nani wa kumsikiliza? Wakapindua la kwanza. Yakamwagika maji ya rangi ya chai, mgambo mmoja yakamrukia mguuni, akaruka huku na huku kwa maumivu. Yalikuwa maji makali ya majivu, yale yanayochemshwa na mafuta ya ng'ombe mpaka ipatikane sabuni. Wakapindua na mengine yote. Sukari haikuwamo. Hata hivyo Mzee Kizito alipelekwa kituo cha polisi akahojiwe, na wengine wakasema arudishwe kwao tu.

Jioni Jeska alikaa kando ya jiko ambalo halijawashwa.

"Mama, hatupiki?"

"Tupike nini, na kazi imekwisha? Yule mzee ananunua mafuta machinjioni mpaka Bunda. Majivu ananunua kwetu. Sabuni yake inatumika hospitali, inapakiwa mitumbwini pale Mwigobero kwenda vijijini. Tangu baba yako afariki, unga wetu unatoka kwake." Akafuta macho kwa khanga. "Na yale maji alikuwaga anayafunika kwa ajili yenu watoto. Huko kwao yalimpofua binti yake jicho."

Dafroza alihisi uso unamwaka moto. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Kumbe alikemewa ili aokolewe, naye akalipa kwa kumsingizia mtu!

"Mama, ni mimi niliyesema," akanong'ona. "Sikuona sukari yoyote."

Alingoja kofi. Badala yake Jeska alijifunga khanga vizuri. "Twende kwa mjumbe, halafu kituoni. Utayasema hayo hayo."

Kituoni Dafroza aliyasema, machozi yakimdondoka, mbele ya askari na Mzee Machage. Mzee Kizito alikuwa benchini, miguu peku. Askari alipomwambia yuko huru, alimsogelea Dafroza. Msichana akainamisha kichwa.

"Siku ile yale maji hayakukurukia machoni, mwanangu?"

"Hayakunirukia, mzee. Nisamehe."

"Basi nashukuru Mungu."

Heri angemtukana. Upole ule ulimuumiza Dafroza kuliko fimbo.

Jumapili baada ya misa, Mzee Machage aliwaita wote waliokuwa kwenye foleni wakutane uani kwa Mzee Kizito. Kila nyumba ilileta majivu ya kujaza mapipa upya. Dafroza alibeba debe baada ya debe, na hakuthubutu kuinua macho. Baadhi ya watu wakaanza kumsema.

"Mwacheni mtoto," Mzee Machage akawakatiza. "Amekosea, na amekiri. Uongo unabomoa kwa siku moja kazi ambayo mtu ameijenga kwa jasho, Dafroza, usisahau hilo. Lakini na sisi je? Huyu bwana amekuja na ujuzi wake, akawapa kazi wake zetu, akatupa sabuni wakati duka halina. Anaijenga nchi hii kama mimi na nyinyi. Mtoto angesema sukari imefichwa kwangu, mngetaka ushahidi kwanza. Aliposema iko kwa mgeni, mimi mjumbe wenu niliuliza neno moja tu, nikaondoka mbio. Aibu hii si ya Dafroza peke yake."

Mzee Machage akavua koti lake la kanisani, akainua debe la majivu.