Foleni ya Mwamshaji

Mzee Ndahani alipotamka neno la siri, ukuta wa sebule uliwaka. Mwamshaji, mtambo unaofungua kikao cha asubuhi, yaani kuwasha vyote vya mwenye nyumba, katika kila nyumba ya Ihumwa Mpya, akaanza kusoma foleni yake: rangi na taa, kisha msimamizi wa madirisha, kisha utepe wa saa, kisha kila kilichoachwa wazi jana. Kila kimoja hutamka "tayari" ndipo kinachofuata kiamshwe.

Kwenye nafasi ya nne ilikuwapo sauti ya mwanamke.

"Umeamkaje, baba Semeni?"

Mzee akanyamaza. Sauti ikauliza tena, na tena.

"Kila siku ni hivi?" aliuliza Nyamizi, fundi wa vikao.

"Huyo ni mke wangu, Matika. Ana miaka miwili kaburini. Kikao ni chake, na sauti aliiacha humo iniamkie. Mimi sikuwahi kufungua changu. Mke na mume wawe na vikao viwili, wamegombana?"

"Babu, anayefuata kwenye foleni ni mlinzi wa moyo wako, anayehesabu mapigo na kuita daktari. Haamki mpaka mama ajibiwe. Jana ulikaa saa mbili nzima bila mlinzi. Ndiyo maana Semeni ameniita."

"Semeni ana kiherehere tangu mdogo."

"Sasa si umjibu tu?"

"Nikimjibu ananyamaza mpaka kesho." Mzee alitazama ukuta. "Alipokuwa hai nilikuwa natikisa kichwa, basi. Miaka arobaini."

Nyamizi hakuthubutu kumfuta Matika. Alimpandisha mlinzi wa moyo mwanzo wa foleni, akamwacha mama palepale.

"Sasa atakuuliza mpaka uchoke wewe," alisema, akawasha upya.

Mlinzi wa moyo akaamka wa kwanza. Mstari wa kijani wa mapigo ukatambaa ukutani. Zikafuata rangi, madirisha, saa.

"Umeamkaje, baba Semeni?"

"Mapigo sabini na mawili," mlinzi wa moyo akajibu. "Ameamka salama."

"Haya, nashukuru," ikasema sauti, ikajifunga.

Mstari wa kijani ukaanza kukimbia.

"Nani kamwambia amjibu?" mzee aliuliza taratibu.

"Hakuna, babu. Ameshaamka, akasikia swali la hali yako," alisema Nyamizi. Mzee aliinuka, akaweka kiganja ukutani, mahali sauti ilipotokea.

"Nimeamka vibaya, mama Semeni," alisema. "Nimeamka vibaya sana."

Lakini kikao kilikuwa kimeshafunguka, na hapakuwa tena na aliyengoja jibu lake.