Nafaka Chini ya Ndama

Nyumba za mwisho za Kondoa zilikuwa zimeshabaki nyuma, na Adija alikuwa bado anajilamba asali vidoleni. Baba yake, Seleman, alitangulia na punda wawili waliobeba vibuyu vya samli ya kuwauzia watu wa reli huko Dodoma. Ulikuwa wakati wa Wajerumani, mwaka wa pili wa vita vyao na Waingereza. Adija alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi yake ilikuwa kumswaga yule punda wa nyuma, mvivu kupindukia.

"Wewe unatembea kwa miguu au kwa tumbo?" baba yake alimtania.

"Kwa vyote viwili, baba."

Kweli, Adija alipenda chakula cha njiani kuliko cha nyumbani. Pale Kelema walikula nyama ya mbuzi iliyochomwa kwa chumvi ya Bahi, akaimaliza mpaka mifupa ikawa myeupe. Aliyakumbuka mabanda yote ya wapishi, kwa sababu wabeba samli walikuwa na desturi yao. Wakikutana njiani, kabla hata ya kutua mizigo, hupeana habari za njia: maji yako wapi, na nani anapika vizuri. Aliyeficha aliitwa mchoyo.

Siku ya tatu walifika Haneti, kwa mpishi mmoja Mgogo aliyeitwa Zipora. Aliwawekea ugali wa uwele, mzito, wa moto, pamoja na mlenda uliovutika kama uzi, na maziwa mgando pembeni. Adija alikula akanyamaza, jambo ambalo kwake lilikuwa adimu.

"Mama, kila tulikopita wanasema nafaka imekwisha," alisema baadaye. "Imechukuliwa yote kulisha askari. Wewe unaitoa wapi?"

Zipora alimtazama kidogo. "Njoo unisaidie kuchota unga."

Walipita mpaka chumba cha ndani cha tembe, ile nyumba yake ya paa bapa la udongo, ndama walipolala. Zipora aliwasogeza ndama, akafukua samadi kavu, akainua ubao. Chini yake kulikuwa na shimo, na ndani ya shimo vilindo vitatu, yaani mapipa ya magome ya mti, vimejaa unga na uwele.

"Hiki ni chakula cha watoto wangu wanne na mama mkwe wangu, na mbegu ya mvua zijazo," alisema. "Kikiondoka, tunakufa. Ukitoka humu, hukuona kitu. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama. Sitasema."

Asubuhi waliondoka. Kufika adhuhuri walikuta visima vya mchangani, na hapo Adija akamwona mjomba wake Khamisi, kaka wa mama yake, mbeba samli mwenzao, mtu wa mzaha na hadithi. Alimpenda kuliko wajomba wengine wote.

"Shikamoo, mjomba!"

"Marahaba, mpwa wangu! Haya, lete habari za njia. Uso unang'aa hivi, umekula kwa nani?"

"Kwa mama Zipora, pale Haneti! Ugali wa uwele, mjomba, na mlenda, na..."

"Muongo wee! Haneti hakuna hata punje. Umekula upepo."

"Sikula upepo! Nimeiona nafaka kwa macho yangu, chini ya ndama."

Maneno yalikuwa yameshatoka. Khamisi alicheka, akampa tende mbili, akaondoka polepole. Adija alizila zote mbili. Alipokwenda kuchota maji nyuma ya miti ya migunga, akasikia sauti ya mjomba wake. Alikuwa amesimama mbele ya askari wawili wa Wajerumani waliopumzika kivulini.

"Ni chini ya ndama, bwana. Mpwa wangu mwenyewe kaona. Na jina langu litatoka kwenye orodha ya wapagazi wa jeshi?"

"Tukiikuta, litatoka. Tule kwanza, jua lipungue, ndipo twende."

Khamisi alipogeuka walitazamana.

"Mjomba, mimi nilikuambia wewe!"

"Nyamaza. Wapagazi hawarudi, unajua? Ningefanyaje?" Hakuwa na mzaha tena usoni.

Adija angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Lakini alikwenda kwa baba yake akamweleza yote: shimo, ahadi, na mdomo wake mwenyewe. Seleman hakumpiga. Alimuaga shemeji yake kana kwamba wanaendelea na safari, akaficha vibuyu kichakani, kisha wakawazungusha punda wakarudi Haneti mbio kwa njia ya porini.

Adija ndiye aliyeingia kwa Zipora kwanza. "Mama, nimesema. Nilikuahidi, na nimesema. Askari wanakuja."

Zipora aliweka mwiko chini, akaita majirani, na wanawake wakaja na mifuko ya ngozi na vibuyu, wakagawana nafaka nyumba kwa nyumba, nyingine ikapakiwa kwenye punda hadi kwa dada yake ng'ambo ya kilima. Askari walipofika jioni walifukua samadi wakakuta kilindo kimoja tu, ambacho hawakuwahi kukihamisha. Walikichukua, na ndama mmoja.

Zipora alimtazama ndama wake akiswagwa, ndipo akamgeukia Adija.

"Umenila mara mbili," alisema. "Mara ya kwanza ugali, mara ya pili ahadi. Mjomba wako amekusaliti wewe, lakini wewe ulinisaliti mimi kwanza. Habari za njia ni maji yako wapi na nani anapika. Akiba ya watu si habari ya njia, hata anayeuliza akiwa ndugu yako. Na ukishakosa, fanya kama ulivyofanya leo: kimbia ukaseme mwenyewe, mapema, ungali na la kuokoa. Sasa shika ufagio, usafishe zizi."

Adija alisafisha zizi.

Samli iliuzwa Dodoma kwa kuchelewa siku mbili. Zipora na wanawe waliufikia msimu wa mvua wakiwa hai, wakapanda. Mama mkwe alifariki katika njaa iliyofuata vita. Khamisi alichukuliwa upagazi mwezi huohuo, jina lake halikutolewa, na hakurudi. Seleman aliendelea na punda wake mpaka miguu ikamkataa. Adija aliolewa Kondoa, akazaa watoto watano.