Mara ya Nne Kwenda Wamunyu

"Nimekuuliza Kyule yuko wapi, Phares. Usiniangalie kama mtu aliyepotelewa na stima."

"Yuko off. Si nilikuambia?"

"Off ya wapi?"

"Ya kazi, Ndanu. Watu hupewa off."

Ndanu aliweka simu mezani, kati ya thamosi na mfuko wa chapati za safari, akaisukuma kwa kidole mpaka ikagusa mkono wa Phares.

"Soma. Kwa sauti."

Phares hakusoma kwa sauti. Macho yake yalishuka kwenye kioo, yakapanda, yakashuka tena. Ujumbe ulikuwa wa Rispa, mke wa Kyule. Phares alikuwa dereva, na Kyule alikuwa taniboi wake, msaidizi wa kwenye lori. Kila siku ya kazi walikaa bega kwa bega mbele ya lori moja, wakisambaza mabati kutoka Industrial Area.

*Ndanu mpenzi tuombeeni. Kyule yuko karantini tangu Jumanne, amepatikana nayo, usiku anahema kama anayepanda mlima. Tumeambiwa wote waliokaa naye kwenye lori wapimwe na wakae nyumbani. Baba Kavinya ameshapata majibu yake?*

"Haya, Baba Kavinya," Ndanu alisema. "Umeshapata majibu yako?"

"Bado."

"Kumbe ulipimwa."

"Jumatano."

"Jumatano! Na jana asubuhi ulivaa ovaroli, ukabeba chakula, ukaniambia unaenda kazini. Leo pia. Ulikuwa unaenda wapi?"

Phares alijikuna shingo. "Mtaa wa Fedha. Nilikuwa nakaa kwenye gari la Shiro, hilo nililoazima la safari. Nalipangusa, nakaa ndani mpaka jioni."

"Peke yako?"

"Peke yangu, haki ya Mungu. Hakuna mwanamke."

"Afadhali angekuwa mwanamke!" Ndanu alipiga meza. "Mwanamke ningemfukuza. Hiki ulichoniletea kitandani nitakifukuza na nini? Ufagio?"

Kavinya, binti yao wa miaka minne, aliinua kichwa kutoka kwenye mkeka. Mama yake akamwashia katuni na kuongeza sauti. Kuta za mtaa wa Umoja ni nyembamba. Jirani wa ghorofa ya tatu akikohoa, wa nne anasema pole, na mwaka ule wa korona hata pole ilikuwa imegeuka kimya na mlango kufungwa.

Ilikuwa Ijumaa jioni, mwezi wa saba. Wiki chache tu zilikuwa zimepita tangu barabara za kutoka Nairobi zifunguliwe. Kesho yake alfajiri, kafyu ikiisha, walitakiwa kushika njia kwenda Wamunyu, kwa Mzee Nzivo, babake Ndanu, kupeleka mbuzi wa ntheo. Kwa Wakamba, mbuzi hao ndio hufungua ndoa. Bila wao mwanamke anaweza kuishi na mwanaume mpaka wote waote mvi, na bado kwao ataitwa msichana aliyetoka kutembea. Watoto wake ni wa babu yao.

Safari hiyo Ndanu aliipanga kama anayepanga operesheni. Watakuwa watu wazima watatu tu, wao wawili na Obonyo, baba mdogo wa Phares, pamoja na mtoto. Madirisha wazi hata kukiwa na baridi. Hakuna kushuka Machakos, hakuna kununua muhogo wala maji njiani. Chakula kitoke nyumbani. Mtungi wa maji wenye bomba na sabuni ukae nyuma ya gari. Kule, shughuli yote ifanyike uani, mzee akae kwenye kiti chake upande upepo unakotoka, wageni wakae mbali naye. Mzee Nzivo alikuwa mchonga vinyago tangu ujana wake, na vumbi la miti lilikuwa limejenga nyumba kifuani mwake. Kupanda ngazi ya kanisa tu kulimtosha kwa siku nzima.

Na kulikuwa na sharti moja walilokubaliana wakiwa kitandani, wameshikana mikono: atakayekaribiana na mgonjwa atasema, na safari itakufa hapo hapo.

"Sharti ulilitoa wewe mwenyewe," Ndanu alisema. "Kinywa chako. Mimi nilikuwa nimesahau hata kulifikiria."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa kesho ni mara ya nne, Ndanu!" Phares alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Mara ya nne! Ya kwanza nikafiwa na kaka. Ya pili..."

"Ya pili ulisema lori limekwama Mtito Andei."

"Ya tatu serikali ikafunga barabara. Babako alisema nini wiki jana? Si uliniwekea loudspeaker nisikie? 'Jumamosi hii, au mtoto wangu na mjukuu wangu warudi.' Nikimpigia leo kumwambia korona, atasema nini? Atasema Mjaluo yule ametafuta uongo ulio kwenye redio!"

"Kwa hivyo ukaona heri umpelekee ugonjwa wenyewe mkononi, aamini."

"Sina dalili! Nimejipima joto kila siku. Sikohoi. Ningevaa barakoa, ningekaa mbali..."

"Kuna mkwe aliyewahi kukaa mbali na baba mkwe siku ya ntheo? Si mtakalishwa pamoja? Si atakushika mkono? Na mimi je?" Hapo sauti ya Ndanu ilipungua, na ilipopungua ndipo Phares alipoogopa. "Mimi kila nikienda namkata kucha. Huwa tunakaa hivi, paji langu na lake yanakaribia kugusana, kwa sababu mikono yake inatetemeka. Ungeniacha nimkate kucha, Phares? Ungesimama hapo uani, unajua, uniangalie?"

Phares aliinamia mfuko wa chapati.

"Nijibu. Ungeniangalia?"

"Sijui," alisema hatimaye. "Nilikuwa najiambia majibu yatatoka kabla ya asubuhi. Nilitaka tu nisimame mbele ya watu wenu mara moja. Mimi na wewe tuna mtoto, tuna nyumba, lakini nikifika kwenye sherehe za kwenu huwa naitwa 'yule rafiki wa Ndanu'. Unajua inavyokula?"

Ndanu alijua. Ilikuwa ikimla pia. Dada zake wote walikuwa wameshaletewa mbuzi, na kwenye harusi ya mdogo wao alipewa kazi ya kuosha sufuria na wasichana. Kwa muda alitamani kufumba macho, afunge mifuko, alale, aamke saa kumi aingie garini. Majibu yakiwa mazuri, nani angejua?

Akamtazama mtoto mkekani. Kisha akaichukua simu ya Phares kutoka kwenye chaji, akamwekea mkononi.

"Mpigie."

"Nani?"

"Baba. Wewe mwenyewe."

"Ndanu, mpigie wewe. Wewe ni mtoto wake, atakusikiza."

"Mara ya kwanza nilimpigia mimi. Ya pili nikampigia mimi, nikabeba uongo wako wa lori kama kikapu kichwani. Ya tatu mimi. Leo sibebi. Piga, uweke sauti."

Simu iliita muda mrefu. Ilipopokelewa, kilichosikika kwanza ni pumzi ya mzee, ikipanda na kushuka kama msumeno kwenye mti mbichi.

"Haloo."

"Shikamoo mzee. Ni Phares."

"Phares. Wewe hujawahi kunipigia. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mzee. Ni kuhusu kesho."

"Mbuzi uliowanunua wako kwa Maingi, wamefungwa, wanalia. Mnafika saa ngapi?"

Phares alimtazama Ndanu. Ndanu hakumsaidia hata kwa kope.

"Hatuji, mzee. Nilikaa na mtu kazini, amepatikana na korona. Nilijua tangu Jumanne. Nimeambiwa nikae nyumbani, nami nikamficha Ndanu. Nilikuwa nakuja hivyo hivyo."

Pumzi ya mzee ilisimama, ikaanza tena.

"Ulikuwa unakuja hivyo hivyo."

"Ndiyo, mzee."

"Na kifua changu unakijua."

"Nakijua."

"Nani amekuzuia?"

"Ndanu."

"Ile ya lori," mzee alisema taratibu, "nilijua ni uongo. Dereva aliyekwama Mtito huwa kwenye kelele za malori. Ndanu akinipigia, nyuma yake nilimsikia mtoto akimwomba Daddy uji. Nikanyamaza. Nikasema kijana anaogopa, ataiva. Leo umeniambia ukweli, na nimekasirika kuliko siku ile."

"Nisamehe, mzee."

"Usinipigie tena. Umesikia? Wewe usinipigie."

"Baba!" Ndanu aliita.

"Mami, uko hapo?"

"Niko, baba."

"Umelala nyumba moja naye?"

"Ndiyo."

"Basi hata wewe usije." Sauti ilikwaruza. "Kaa hapo. Mpe mtoto maji moto."

Simu ikakatika.

Phares aliinua kiti kilichoanguka, lakini hakukikalia. Alikaa chini, mgongo ukutani, simu mapajani. Mwanaume aliyezoea kurudisha lori kinyumenyume kwenye lango jembamba bila kugusa ukuta alikuwa hajui aweke mikono wapi.

"Umefurahi sasa?"

"Sijafurahi."

"Ameniambia nisimpigie tena. Imeisha, Ndanu. Miaka yote hii, imeishia kwa simu."

"Ungetaka iishie kaburini?"

"Hapana." Alifunika uso kwa viganja. "Kyule juzi alinitumia voice. Nilishindwa kuisikiza mpaka mwisho. Mtu wa miraba minne, anaomba maji kama mtoto. Nikaizima, nikajiambia huyo ni Kyule, si mimi."

Ndanu alisimama pale alipokuwa. Mguu ulitaka kumwendea, akauzuia. Alikuwa na hasira bado, ya kutosha wiki nzima, na hakuwa na nia ya kuipunguza ili mtu mzima asilie. Lakini alikuwa ameona kitu. Mtu yule yule aliyemtuma kubeba uongo wa lori alikuwa amejitia mwenyewe kitanzi mbele ya mzee, na hakusingizia mtu. Hata jina la Kyule hakulitaja.

"Phares."

"Mm."

"Sijakusamehe. Tuelewane."

"Sawa."

"Ukinificha tena kitu cha namna hii nitatoka na mtoto wangu, na mbuzi wala ng'ombe hawatanirudisha."

"Sawa, Mama Kavinya."

"Sasa niambie. Mara ya mwisho kuonana na Baba mdogo Obonyo ni lini?"

Phares aliinua uso. "Obonyo wa Makongeni? Si tangu Machi. Mama mdogo hamruhusu hata kufika getini. Pikapu yake imelala nje kwao, anaiwasha kila Jumapili kuihurumia betri. Kesho ndiye tungempitia."

"Kwa hivyo wao ni wazima."

"Wazima kabisa. Kwani unafikiria nini?"

Ndanu alikuwa ameshapiga. Obonyo, karani mstaafu wa reli, alipokea kwa kishindo kama anayetangaza treni.

"Mke wetu! Suti nimeshapiga pasi. Mnanipitia saa kumi na moja?"

"Baba mdogo, hatukupitii. Phares alikaa na mgonjwa, tumefungiwa nyumbani sote watatu."

"Yesu wangu! Yuko sawa?"

"Yuko sawa, isipokuwa kichwa. Sikiza. Kesho utakwenda na mama mdogo, nyinyi wawili peke yenu, na pikapu yenu. Kafyu ikiisha ndipo mtoke. Bebeni chakula na maji, msishuke popote, mkishikwa na haja simameni vichakani. Wamunyu utamwona Maingi, binamu yangu, barabarani. Atapakia mbuzi nyuma, nyinyi msishuke. Kwa baba simama uani, barakoa usoni, usimshike mkono hata akikupa."

"Ntheo bila bwana harusi, mke wetu? Watu wa kwenu watatuelewa?"

"Mbuzi hupelekwa na wazee. Wewe si mzee?"

"Mimi ni mzee sana."

"Basi."

"Na nikiulizwa mkwe yuko wapi?"

Ndanu alimtazama mwanaume aliyekaa sakafuni. "Sema amefungiwa chumbani na binti wa mzee mwenyewe, ili mzee apumue. Sema hivyo hivyo, usipambe."

Obonyo alicheka, kisha akaacha kucheka. "Nimeelewa, mwanangu. Nimeelewa vizuri."

Alipokata simu, Phares alikuwa amesimama.

"Ndanu, babako amekataa. Umemsikia."

"Amesema wewe usimpigie. Hakusema wazee wasije. Baba yangu namjua. Akitaka kukataa mbuzi atawakataa wakiwa mbele yake, wanakula majani ya uani. Hawezi kuwakataa kwa simu."

Hakungoja jibu. Aliingia chumbani, akavuta godoro dogo la Kavinya mpaka sebuleni, akarudi kuchukua blanketi mbili, nguo za mtoto na chanuo. Alifungua dirisha la chumba mpaka mwisho, baridi ya Julai ikaingia na kelele za watu wakikimbia kuiwahi kafyu. Juu ya stuli aliweka sahani moja, kikombe kimoja, kijiko na thamosi.

"Vyombo vyako hivi, visitoke humu. Choo utaingia sisi tukishamaliza, ukitoka umwage dawa ya Jik. Chakula nitaweka mlangoni, nikiondoka ndipo ufungue. Ukihisi joto, ukihisi kifua, unaniita hapo hapo, usinifiche ati nisiogope."

"Nitakuita."

"Ingia basi."

Phares aliingia. Kavinya alitaka kumfuata, mama yake akamshika mkono.

"Daddy amekosa?" mtoto aliuliza.

"Amekosa. Na anarekebisha."

Ndanu akaufunga mlango. Alibaki ameushika mpini, paji lake karibu na mbao, akamsikia Phares akikaa upande wa pili, chini, karibu kabisa na mlango.

"Mama Kavinya?"

"Nini?"

"Na mzee akiwakataa hao mbuzi?"

"Watarudi Makongeni kwa pikapu, Baba mdogo awafuge. Mimi siendi popote. Sasa nyamaza ulale."