Mshipi Uliotoka Kaburini

Jumapili ile, Tepaeru aliporudi kutoka kanisani, alikuta ukulele, gitaa lao dogo la nyuzi nne, uliotundikwa ukutani, umepanda sauti. Nyuzi hulegea, hazijikazi zenyewe.

"Teariki, umeuchezea?"

"Mama, si tulikuwa wote kanisani? Hukunisikia nikimfunika shemasi kwa sauti?" Kijana alicheka, kisha akakohoa na kushika koo.

Yeye ndiye aliyetia nyuzi hizo, za mshipi wa kuvulia. Mwanzoni ziliteleza kwenye vigingi vya kuzikazia, hata Tepaeru akamfundisha njia ya marehemu mumewe, Ngatokorua: ncha ipite chini ya mzunguko wa kwanza, mzunguko uikalie, na uzi ukivutwa ujibane wenyewe.

Walipokaa kula magimbi, kigingi kililia krr. Hakuna aliyekigusa. Teariki akashindwa kumeza.

"Mshipi huu umeutoa wapi?" mama alinong'ona.

"Kwa baba. Pale uani, juu ya kaburi. Ni imara, Mama. Na yeye havui tena."

Ngatokorua alikufa maji akiwa ameushika mshipi huo. Walimwekea kaburini uwe wake.

Krr. Midomo ya kijana ikageuka rangi. Tepaeru alipiga yowe, akanyakua kisu, lakini jirani yake Akaiti, mganga, aliyesikia kelele, alikuwa ameshafika mlangoni.

"Usikate! Ukikata, kinachobana kitabaki kooni mwake. Zifungue moja moja, kwa mkono. Na usimwite mumeo kwa jina, dada yangu. Unamtamani mno, atakujibu."

Tepaeru aliomba Mungu, akafungua uzi wa kwanza, Teariki akapata pumzi kidogo, akafungua wa pili na wa tatu huku chumba kikijaa harufu ya mwani na chambo kilichooza, na alipoichomoa ncha ya nne, kidole gumba chenye maji, baridi, kizito, kikalala juu ya kidole chake na kuirudisha ncha chini ya mzunguko, taratibu, kwa upole, vilevile mumewe alivyomwongoza mkono siku za uchumba wao.

Alijua alichoonywa. Lakini mwanawe alikuwa amelala sakafuni.

"Ngatokorua," alisema, "mwachie mtoto. Kama ni kufunga, nifunge mimi."

Kidole kikaondoka. Uzi ukalegea. Teariki alivuta pumzi ndefu, akalia.

"Mama... nipe maji."

Tepaeru alifumbua kinywa amjibu. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, ya juu, kama ya uzi unaokazwa, na iliendelea kupanda.