Kivuli Kilichobaki Mchangani

Picha ilikuwa bado ukutani, lakini upande wake wa chini ulikuwa na shimo.

Inspekta Esteri Pasikali alivaa glavu, akasogea. Mkato ulikuwa safi, wa wembe, usiozidi kiganja cha mtu mzima. Redio iliyokuwa chini ya picha haikuguswa.

"Mwizi gani huyu?" alifoka Nurudini, mwenye nyumba hiyo ya wageni mjini Kibondo. "Ameacha redio, amebeba doa!"

"Doa gani, mzee?"

"Jekundu. Doa tu, Afande. Lakini picha yenyewe ni ya Pangani, alikozaliwa babu yangu. Niliinunua Kigoma kwa ajili yake."

Bazilio, mlinzi, aliitwa.

"Mara ya mwisho uliiona nzima lini?"

"Kesho jioni, Afande."

Koplo Saady aliangua kicheko. "Kesho? Kumbe wewe mganga! Basi tutajie na mwizi."

"Anasema jana," Esteri alimkatiza. "Kwetu Waha, kama kwa Warundi, ni neno moja. Jana ni ejo, kesho ni ejo. Wewe mtu wa Kondoa utachanganyikiwa."

Akaikaribia tena picha. Kwa karibu haikuwa picha hata kidogo: mistari mifupi ya rangi, chungwa kando ya buluu, waridi kando ya kijani, kila mmoja ukijitegemea. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wa pili. Hapo mistari ikashikana. Maji yakawaka, mchanga ukapata joto, mwanga ukatembea kutoka upeoni hadi miguuni pake.

"Mzee, hii siyo Pangani."

"Bahari utaijulia wapi? Wewe Muha wa Kagerankanda, hata chumvi yenu inatoka Uvinza!"

"Minazi huzaa vichala vyekundu?"

Nurudini alikodoa macho. "Hivyo... mchoraji kapaka rangi tu."

"Ni michikichi. Na yale ya zambarau ng'ambo ya maji si mawingu, ni milima ya Kongo. Jua linazama nyuma yake. Hili ni ziwa, mzee."

Nurudini aliitazama picha kama mtu aliyeambiwa kwamba kaburi alilokuwa akilizuru si la babu yake.

Ndipo Esteri alipokiona kile ambacho wembe ulikisahau. Kutoka ukingo wa chini wa shimo, kivuli cha urujuani kilijinyoosha mchangani: miguu miwili myembamba, mabega madogo, na juu ya kichwa kitu cha pembe nne, kama kidumu cha maji.

"Aliyekata hakutaka doa," alisema polepole. "Alimtaka mtoto."

Akamgeukia Bazilio. "Nani huitazama sana picha hii?"

"Epifania, mama wa kambini Nduta anayefua mashuka. Anaisogelea, halafu anarudi nyuma hadi ukutani. Kama ulivyofanya wewe."

Katika kambi ya Nduta ya wakimbizi wa Burundi, iliyofunguliwa upya mwaka huo wa 2015, Epifania alikuwa mbele ya hema lake akichambua maharage ya mgao. Alipowaona askari hakukimbia. Mkono wake ulienda kifuani.

"Unajua kilichotuleta, mama?"

"Najua."

"Wembe uko wapi?"

"Nimeutupa chooni."

"Kwa nini hukumwomba bosi wako?"

"Ningeomba nini? Niseme nataka doa? Angecheka."

Alifungua fundo la kitenge. Kipande kilikuwa na gauni jekundu na alama moja ya njano.

"Huyu ni Niyibizi wangu. Aliyechora ni baba yake, Ndihokubwayo. Mtoto akitoka kuteka maji jioni, baba anamwambia simama hapo hapo, jua limekupata. Picha akaiuza. Tukasema atachora nyingine."

"Wako wapi?"

"Baba yake alipigwa risasi mlangoni petu. Mtoto, homa ilimchukua njiani. Tulimfukia kando ya barabara, sijui hata ni wapi. Sina picha yake nyingine, Afande, hata ya simu. Uso wake umeanza kunitoroka. Halafu naingia kufua, namkuta ukutani, watu wanakunywa soda chini yake."

Saady aligeuka, akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

"Hiki ni kielelezo, mama," alisema Esteri. "Sheria inanitaka nikichukue."

Epifania alikitoa kwa mikono miwili, kama anayekabidhi mtoto aliyelala.

"Msikikunje. Rangi itapasuka."

Kituoni, Saady aliandika maelezo ya onyo. Epifania alikiri kila kitu. Kipande kilikuwa mezani ndani ya mfuko wa plastiki. Kivuli chake kilibaki ukutani kwa Nurudini.

"Niyibizi ulimwona lini mara ya mwisho?" aliuliza Esteri.

Epifania aliutazama mfuko.

"Ejo."

Kalamu ilisimama.

"Niandike jana au kesho, Afande?" Saady alinong'ona. Safari hii hakuwa akicheka.

Esteri aliusogeza mfuko karibu na Epifania.

"Andika alivyosema," alijibu. "Andika ejo."